Vincent Price: Muungwana Aliyevaa Joho la Msaka Wachawi

Wapenzi wa sinema za kutisha wanaijua sauti yake hata kama jina lake hawalijui. Ndiyo ile sauti nzito ya taratibu inayosikika katika wimbo wa Thriller wa Michael Jackson, uliotoka mwaka wa 1982. Sauti ya kumfanya mtoto ajifunike shuka gubigubi, na mwisho wake ni kicheko kirefu. Mwenye sauti hiyo alikuwa Mmarekani, Bw. Vincent Price, aliyefariki tarehe 25 Oktoba, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Kwa zaidi ya nusu karne Bw. Price alijipatia riziki kwa kuwatisha watu. Lakini katika maisha yake mna jambo moja ambalo wengi hawalizingatii. Tena na tena sinema alizocheza zilihusu wanadamu waliosingiziwa uchawi, wakateswa na kuuawa. Katika moja alikuwa wa ukoo uliolaaniwa kwa kumsingizia jirani. Katika nyingine alikuwa mchawi mwenyewe, akachomwa moto. Katika nyingine alikuwa msaka wachawi, mwenye amri ya kuua. Na katikati ya hayo yote, nje ya sinema, yeye mwenyewe aliwahi kusakwa.

Leo tunayasimulia maisha ya mtu huyu, na ndani yake tunauliza swali ambalo mpaka sasa halijapata jibu moja: sinema zile zilikuwa zikiukemea ukatili, au zilikuwa zikiuuza?

MTOTO WA TAJIRI WA PEREMENDE

Vincent Price alizaliwa tarehe 27 Mei, 1911, katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Babu yake alitajirika kwa kutengeneza unga wa kuumulia keki, na baba yake alikuwa mkuu wa kampuni kubwa ya peremende. Kijana akakulia katika nyumba isiyojua njaa.

Alichokipenda tangu utotoni hakikuwa biashara wala kutisha watu. Kilikuwa ni sanaa ya uchoraji. Alisoma historia ya sanaa katika chuo kikuu cha Yale, akahitimu mwaka wa 1933, kisha akavuka bahari kwenda London kuendelea na masomo. Huko ndiko jukwaa lilikomteka. Mwaka wa 1935 alipewa nafasi ya mume wa Malkia Victoria katika mchezo uliosifiwa sana, na kabla mwaka haujaisha mchezo huo ukapelekwa New York naye akiwemo. Mwaka wa 1938 akaingia katika sinema.

Alikuwa mrefu kupita kimo cha watu wengi, mwenye sura ya kupendeza na maneno laini. Waliomjua wote wamekubaliana kwamba alikuwa mtu mpole, mkarimu, mpishi hodari, asiyejivuna. Huyo ndiye aliyekuja kuwa sura ya uovu.

UCHAWI WA KUSINGIZIWA NA ARDHI YA JIRANI

Mwaka wa 1940 alicheza katika sinema iitwayo The House of the Seven Gables, iliyotolewa katika kitabu cha Nathaniel Hawthorne, mwandishi wa Marekani wa karne ya 19. Kisa chake kinaanza na tajiri aliyekitamani kiwanja cha jirani yake maskini. Jirani hakutaka kukitoa. Tajiri akamsingizia uchawi, jirani akauawa, na nyumba ya fahari ikajengwa juu ya ardhi ile. Kabla ya kufa, maskini yule aliulaani ukoo wa tajiri. Bw. Price alikuwa mmoja wa wajukuu wa ukoo huo, na yeye naye anasingiziwa na ndugu yake mwenyewe na kufungwa miaka mingi kwa kosa ambalo hakulitenda.

Hawthorne hakukitoa kisa hicho hewani. Babu wa mababu zake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa mji wa Salem, Massachusetts, mwaka wa 1692, wakati watu 19 waliponyongwa kwa madai ya uchawi, na mzee mmoja, Giles Corey, akarundikiwa mawe kifuani mpaka roho ikatoka kwa kuwa alikataa kujibu mashtaka. Mwandishi alizaliwa na aibu hiyo, akaifanya kitabu.

Hapo pana funzo ambalo sinema nyingi zilizofuata zililisahau. Nyuma ya neno mchawi mara nyingi pana kitu kinachotakiwa: shamba, nyumba, urithi, au kisasi cha zamani.

YEYE MWENYEWE ASAKWA

Vita vikuu vya pili vilipomalizika, Marekani iliingiwa na hofu ya Wakomunisti. Kamati za bunge ziliwaita waandishi, waelekezi wa sinema na waigizaji, zikawataka wawataje wenzao. Aliyetajwa alikosa kazi. Hakukuwa na haja ya kesi wala ushahidi, orodha ilitosha. Ndiyo maana mwandishi Arthur Miller alipotaka kuieleza hali hiyo mwaka wa 1953, aliandika mchezo wa kuigiza juu ya wale wachawi wa Salem, na kila mtu alifahamu anasema nini.

Bw. Price hakuwa Mkomunisti. Lakini alikuwa na ulimi usionyamaza mbele ya ubaguzi. Mwaka wa 1950, mwishoni mwa kipindi chake cha redio cha The Saint, aliwaambia wasikilizaji kwamba chuki ya rangi na ya dini ni sumu inayoliangamiza taifa. Binti yake Victoria, katika kitabu cha maisha ya baba yake kilichotoka mwaka wa 1999, ameeleza kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina la Bw. Price liliingia katika orodha ya watu wa kutiliwa shaka, na miongoni mwa makosa yake ni kwamba aliwapinga Wanazi mapema mno, kabla serikali yenyewe haijaanza kupigana nao. Kazi zikakauka kwa muda wa karibu mwaka mzima. Mwishowe alitia sahihi kiapo cha kujitakasa, na milango ikafunguliwa.

Wapo waliokataa kutia sahihi, wakapoteza kila kitu. Bw. Price hakuwa shujaa wa aina hiyo. Alikuwa na familia, alikuwa na hofu, akafanya wanalolifanya wengi. Lakini baada ya hapo alijua, kwa nafsi yake na si kwa kusoma vitabuni, vile mtu anavyojisikia anapotakiwa athibitishe kwamba yeye siye.

MFALME WA KUTISHA

Mwaka wa 1953 ilitoka sinema ya House of Wax, na humo alikuwa mchonga sanamu aliyeungua uso. Watu walifurika. Tangu hapo Hollywood ikamtambua kama bwana wa kutisha. Katika ile sinema kubwa ya Firauni ya mwaka wa 1956 alikuwa msimamizi wa ujenzi, mwenye kuwaonea watumwa. Mwaka wa 1958 akaja na The Fly, na kuanzia mwaka wa 1960 akaingia katika mfululizo wa sinema za mwelekezi Roger Corman, zilizotokana na hadithi za Edgar Allan Poe. Zilitengenezwa kwa pesa kidogo na kwa siku chache, zikaleta faida kubwa.

Moja ya hizo, The Pit and the Pendulum ya mwaka wa 1961, ilisimulia habari za Uhispania ya karne ya 16. Bw. Price alikuwa mtoto wa mtesaji mkuu wa baraza la kanisa lililowahukumu watu kwa imani zao. Chini ya nyumba mna vyombo vya mateso, na mwisho wake mna kisu kikubwa kinachoning'inia na kuteremka polepole juu ya kifua cha mtu aliyefungwa.

Watazamaji wengi walitoka wakihema kwa ajili ya kisu kile. Lakini katika sinema yenyewe hukumbushwi kwamba waliofikishwa mbele ya baraza hilo, katika historia ya kweli, ni Mayahudi na Waislamu wa Andalusi waliolazimishwa kubatizwa, kisha wakapelelezwa kama bado wanafunga Ramadhani au wanakataa nguruwe, mpaka wazao wao wakafukuzwa nchini baina ya mwaka wa 1609 na 1614. Mateso yalibaki, wenye kuteswa wakaondolewa. Na hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ya sinema za namna hii: zinachukua maumivu ya watu wa kweli na kuyafanya mapambo.

Mwaka wa 1963, katika The Haunted Palace, alikuwa mchawi anayechomwa na wanakijiji, naye akaapa kurudi kuwaangamiza wajukuu wao. Humo mchawi ni mchawi kweli. Wanakijiji waliobeba mienge, kwa hivyo, hawana hatia kubwa. Hiyo ni kasoro ya pili, nayo ni mbaya kuliko ya kwanza, na tutairudia.

MATTHEW HOPKINS, MTU WA KWELI

Sinema iliyobadili mambo ilitengenezwa Uingereza mwaka wa 1967 ikatoka 1968. Jina lake ni Witchfinder General, na inamhusu mtu aliyeishi kweli.

Matthew Hopkins alikuwa mtoto wa kasisi wa Suffolk. Katika mwaka wa 1645, Uingereza ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya mfalme na bunge, na mahakama zimelegea, alijitokeza katika mji wa Manningtree akidai anao ujuzi wa kuwatambua wachawi. Pamoja na mwenzake John Stearne, alizunguka mikoa ya mashariki. Wa kwanza kushikwa alikuwa Elizabeth Clarke, bibi kizee maskini mwenye mguu mmoja.

Sheria ya Uingereza haikuruhusu kumtesa mshtakiwa, kwa hivyo Hopkins alitumia njia zisizoacha alama. Mtu aliwekwa macho siku nyingi mchana na usiku, akitembezwa huku na huko kila aliposinzia, mpaka akasema lolote atakiwalo kusema. Alikaguliwa mwili mzima kutafutwa alama ya shetani. Wengine walifungwa kamba na kutupwa majini: aliyeelea ni mchawi. Kasisi John Lowes wa Brandeston, mzee wa karibu miaka 80, alifanyiwa hayo, akakiri, kisha akanyongwa Bury St Edmunds mwezi wa Agosti, 1645. Inasimuliwa kwamba alijisomea mwenyewe maombi ya maziko, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsomea.

Na kazi hiyo ilikuwa na malipo. Mji wa Stowmarket pekee ulimlipa Hopkins na wenzake pauni 23, zaidi ya mshahara wa kibarua wa mwaka mzima. Kwa muda wa kama miaka miwili watu zaidi ya 100 waliuawa kwa sababu ya kazi yao. Aliyesimama kumpinga waziwazi ni kasisi mmoja, John Gaule, aliyehubiri kwamba mambo yamefika mahali kila bibi mwenye makunyanzi usoni anaitwa mchawi.

KIJANA NA MZEE

Aliyetengeneza sinema hiyo alikuwa kijana wa miaka 24, Michael Reeves. Yeye hakumtaka Bw. Price. Alimtaka mwigizaji mwingine, Donald Pleasence, lakini kampuni ya Kimarekani iliyotoa sehemu ya pesa ilishikilia kwamba lazima awe Price, kwa sababu jina lake linauza tikiti.

Kijana hakuficha kinyongo chake. Hakwenda hata kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Kila siku alimkatiza: punguza sauti, usitembeze macho, usitikise kichwa. Bw. Price, wakati huo mwenye miaka 56 na sinema nyingi nyuma yake, alikasirika. Alizoea kuutia uovu chumvi kidogo, ili mtazamaji ajue kwamba ni mchezo tu. Reeves hakutaka mtazamaji apewe nafasi hiyo ya kupumua.

Matokeo yake ni Hopkins aliye baridi kama jiwe. Hapigi kelele. Anapanda farasi, anaingia kijijini, anapokea pesa, watu wanakufa, anaondoka. Binti anayeutoa mwili wake ili kumwokoa mzee wake anadanganywa, na mzee ananyongwa vilevile. Na katika sinema nzima hakuna mchawi hata mmoja. Kuna wanadamu tu. Wanakijiji wamesimama wakitazama, watoto nao wapo. Askari anayetaka kulipa kisasi anamkatakata Hopkins kwa shoka mwishoni, lakini hatoki humo akiwa mshindi. Anatoka akiwa amerukwa na akili.

Bodi ya ukaguzi ya Uingereza ilikata vipande kadhaa. Magazeti mengine yaliilaani. Reeves alijitetea kwamba ukatili ukionyeshwa kwa uzuri na bila uchungu ndipo unapomharibu mtazamaji. Ukionyeshwa ulivyo, unamchukiza, na ni haki umchukize.

Hoja hiyo ina nguvu. Lakini ipo habari nyingine ya kuweka kwenye mizani. Kwa ajili ya soko la nchi za nje, waliotoa pesa waliongeza picha za wanawake nusu uchi katika kilabu cha pombe, zisizo na kazi yoyote katika kisa. Marekani sinema ilibadilishwa jina, ikapewa jina la shairi la Poe, ili idhaniwe ni mojawapo ya zile za zamani. Hivyo kijana alisema anakemea, na mwenye duka akauza. Yote mawili yalikuwa katika mkebe mmoja wa filamu.

Bw. Price alipoitazama kazi iliyokamilika, alifahamu alichokuwa akitafutiwa. Akamwandikia kijana barua ndefu ya kumsifu. Ni uungwana mkubwa kwa mtu aliyetukuzwa kumpa haki yake mdogo aliyemuudhi. Tarehe 11 Februari, 1969, Reeves alifariki London kwa dawa za usingizi na pombe, na mahakama ikaamua ilikuwa ajali. Alikuwa na miaka 25.

BIASHARA YASHIKA KASI

Faida ilipoonekana, waigaji walimiminika. Ujerumani Magharibi ilitoa Mark of the Devil mwaka wa 1970, yenye mateso mengi kuliko kisa, na ilipofika Marekani watazamaji waligawiwa vifuko vya kutapikia mlangoni. Mwaka huohuo Bw. Price mwenyewe alicheza Cry of the Banshee, akiwa hakimu mkubwa wa Uingereza anayewasaka wachawi. Wanawake wanavuliwa nguo na kuchapwa mbele ya kamera, lakini safari hii mchawi yupo kweli, na anamtuma jini kuulipizia kisasi ukoo wa hakimu.

Hapo ndipo ile kasoro ya pili inapoonekana wazi. Sinema ikisema wachawi wapo na wanaua, basi mateso yale yanakuwa na udhuru, na mtazamaji anakula vya pande mbili: anafurahia mwanamke kuteswa, kisha anafurahia mtesaji kuuawa. Hakuna anachoulizwa.

Tena sinema inatufariji kwa uongo. Kwenye filamu Hopkins anakatwa kwa shoka. Katika historia alikufa kitandani kwake mwezi wa Agosti, 1647, yaelekea kwa kifua kikuu, na hakuna mahakama iliyomuuliza neno. Hakuwa hata na umri wa miaka thelathini. Waliomlipa waliendelea kuishi katika miji yao, na mashamba ya waliouawa yalilimwa na wengine.

SI HABARI ZA UZUNGUNI TU

Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda Suffolk kulielewa jambo hili. Katika Kilifi wazee wetu wamekuwa wakikatwa mapanga kwa madai ya uchawi, na mara nyingi nyuma ya madai hayo mna ugomvi wa shamba la ukoo. Mvi, ambazo zamani zilikuwa heshima, zimekuwa hatia. Huko Kaya Godoma, Ganze, ilibidi pawe na mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Aliyekitamani kiwanja cha jirani katika kitabu cha Hawthorne angejisikia yuko nyumbani.

Hatusemi kwamba sihiri haipo. Dini imeitaja, na imeikataza. Lakini dini hiyohiyo imekataza kuzulia watu, na imemtaka mwenye kudai alete ushahidi. Ndoto si ushahidi, macho mekundu si ushahidi, wala maneno ya mganga aliyelipwa si ushahidi.

MWISHO WA SAFARI

Bw. Price hakuipenda sanaa ya kutisha peke yake. Tangu miaka ya 1950 aliwatolea wanafunzi wa chuo kimoja cha mashariki ya Los Angeles, wengi wao watoto wa watu wa kawaida, picha na sanamu kutoka hazina yake, na jumba la sanaa la chuo hicho lina jina lake. Kuanzia mwaka wa 1962 aliwachagulia wanunuzi wa maduka ya Sears michoro ya asili kwa bei ya kadiri, kwa kuwa aliamini sanaa si haki ya matajiri pekee. Aliandika vitabu vya mapishi. Alioa mara tatu, akajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Mkewe wa mwisho, mwigizaji Coral Browne, alimtangulia mwaka wa 1991.

Sinema kubwa iliyomuaga ni Edward Scissorhands ya mwaka wa 1990. Humo ni mzee mtengenezaji mwenye huruma, anayefariki kabla hajamkamilishia kiumbe wake mikono, na kiumbe huyo asiye na kosa anakuja kufukuzwa na majirani waliomgeukia. Baada ya kusaka na kusakwa, alimalizia upande wa mnyonge. Alifariki kwa saratani ya mapafu, na majivu yake yakatupwa baharini.

Katika kazi zake zote za mambo haya, ile ya mwaka wa 1968 ndiyo inayostahili kukumbukwa, na sababu yake si shoka wala damu. Ni kwa kuwa humo muungwana huyu alikubali kuonyesha kwamba msaka wachawi hahitaji mapembe wala meno marefu. Anahitaji watu wenye hofu, mtu wa kumlipa, na majirani watakaosimama kando wakitazama.